Mwani Unameza Uchafu, Haufuti

Juzi nilihudhuria kikao kimoja hapa Unguja kuhusu maji machafu yanayoingia baharini. Mtaalamu mmoja akasimama akatuambia tusihangaike sana, kwa sababu mwani unasafisha bahari. Tupande mwani kwa wingi, mambo yatakaa sawa. Watu wakapiga makofi. Mimi nilishindwa. Nilikuwa namuwaza mama yangu, ambaye amelima mwani kijijini Paje tangu nikiwa mtoto, na mpaka leo maji yakipwa yumo baharini ameinama na kamba zake za kufungia mwani.

Alichosema kina ukweli, nakubali. Mwani hauna mizizi, unakula kwa mwili mzima, na naitrojeni na fosforasi zinazotoka kwenye vyoo, sabuni na mbolea kwake ni chakula. Hata madini mabaya kama risasi na kadimiamu hunasa mwilini mwake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wetu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari walifanya majaribio kwenye Ghuba ya Makoba, wakifuga samaki bwawani na kuyapitisha maji yake kwenye mwani na chaza ili yapungue uchafu. Kazi ya kujivunia kabisa.

Lakini kilichomezwa kimekwenda wapi? Kimo humo humo ndani ya mwani. Ukiuvuna na kuutoa majini, umeutoa na uchafu wake. Ukiuacha, unaoza na kuyarudishia maji karibu kila ulichochukua. Kule Bretagne, Ufaransa, mwani wa kijani umenenepa miaka na miaka kwa naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea na samadi, zinazotiririka kutoka mashambani na kwenye mifugo. Unatupwa pwani, unarundikana, unaoza, unatoa gesi ya sumu. Mwaka 2009 farasi alikufa papo hapo kwenye rundo la namna hiyo, na aliyempanda akazimia. Mwani ule ulikuwa umenyonya vizuri sana. Hakukuwa na mtu wa kuuondoa kwa wakati, na mashamba yaliendelea kumwaga.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwani wa huku hauishii kwenye magunia ya kusafirishwa tu. Wanawake wanautia kwenye sabuni ya kuogea, kwenye juisi, jemu, achari, keki. Mama mwenyewe anausaga unga, na wanangu wanakula. Sasa nielezwe: kamba iliyofungwa mbele ya bomba la maji taka, mavuno yake yanakwenda kwenye sufuria ya nani? Kama kweli tunataka mwani wa kusafisha, uwe na eneo lake, mbali na mwani wa kula, upimwe kila ukivunwa, na wenye madini usiguse chakula wala ngozi ya mtu. Pale kikaoni hakuna aliyeligusa jambo hili, na chai ilinyweka.

Halafu kuna anayeingia majini. Tangu kilimo hiki kianze kibiashara mwaka 1989, wakulima wengi ni wanawake. Kama mwani wao unafanya kazi ya mtambo wa kusafisha maji, walipwe kwa kazi hiyo, zaidi ya bei ya kilo ambayo kila msimu wanailalamikia. Na wasitiwe kusimama kwenye maji ya vyoo.

Mtambo wenyewe nao unaumwa. Mwaka jana nilishuka na mama pwani, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, jua kali, maji ya kina kifupi yana joto kama ya kuogea mtoto. Akainua kamba moja, akanionyesha ncha za mwani zilizogeuka nyeupe. Alipozigusa zilikatika kati ya vidole vyake, zikaelea. Pembeni, kwenye tai-tai, vile vikamba vidogo vya kufungia mwani kwenye kamba kubwa, vilikuwa vimeota vijinywele vya kahawia, akawa anavichambua kimoja kimoja kwa kucha. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, aliacha kuupanda pale siku nyingi. Mmea unaokufa kwa joto ndio tunaoukabidhi uchafu wa mji mzima?

Nilipomsimulia habari ya kikao alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, sisi tunaona maji yanavyobadilika. Mbona hawaji kutuuliza?"

Maji taka yasafishwe nchi kavu kabla hayajafika baharini. Hilo ndilo la kwanza, na ni kazi ya wenye mamlaka na bajeti. Mwani uje baadaye, kumalizia kilichobaki, na wakulima wawepo mezani wakati wa kupanga wapi kamba zifungwe.

Bamvua ijayo mama anafunga kamba mpya, nami nitakwenda kumsaidia. Nimemwomba mtafiti mmoja aje siku hiyo na chupa zake, achukue maji na kipande cha mwani akapime. Amekubali. Nitawaandikia majibu yakitoka, yawe mazuri au mabaya.