Strelizia si fanicha, itoeni sebuleni

Kila nyumba mpya ninayoalikwa siku hizi naikuta palepale: kona ya sebule, kati ya kochi na kabati la tivi, chungu cheupe, majani makubwa ya kijani. Strelizia. Mwenye nyumba akishajua kuwa napenda maua, swali ni lilelile: mbona haichanui? Wengine wameshaimwagia mbolea ya dukani, maji ya mchele, maganda ya ndizi, hata majani ya chai. Jibu langu huwa fupi na haliwafurahishi. Itoe nje.

Mtindo huu tumeuokota kwenye picha za nyumba za Ulaya, na kule wana sababu zao. Mmea huu kwao ni upande wa mashariki wa Afrika Kusini, Eastern Cape na KwaZulu-Natal, na baridi ya kugandisha hauiwezi. Ulipofika bustani ya Kew, London, mwaka 1773, haukuwa na pa kuishi ila nyumba ya vioo. Joseph Banks, mtaalamu wa mimea wa Kiingereza, akaupa jina la kumtukuza Malkia Charlotte, mke wa George III, aliyetoka ukoo wa Mecklenburg-Strelitz. Mpaka leo wakulima wa maua wa kule huuingiza ndani majira ya baridi kwa kukosa namna, na joto likirudi wanautoa kibarazani. Sisi tulio Dar, Mombasa au Arusha tuna jua mwaka mzima, halafu tunaufungia nyuma ya mapazia mazito.

Ili uchanue unataka jua lenyewe, saa nne mpaka sita kwa siku. Chumba ambacho sisi tunakiona kina mwanga, kwake ni kiza. Hautakufa, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Utaishi miaka na miaka, vikonyo vikirefuka na kulegea, majani yote yakielekea dirishani, na ua usilione.

Lakini kabla hujaanza kuburuta chungu, angalia una ipi. Strelitzia reginae ndiyo yenye ua la rangi ya chungwa na buluu. Hufika mita moja na nusu hivi, majani yake magumu, kijani cha kuelekea kijivu. Strelitzia nicolai ina majani mapana ya kufanana na mgomba, ikipandwa ardhini huweza kufika mita 10, na ua lake ni jeupe na buluu. Haichanui mpaka iwe na shina la maana, kwa hiyo ndani ya nyumba dari litaiwahi. Vitalu vingi vya kando ya barabara huuza hii ya pili kwa picha ya ile ya kwanza. Nimemwona kijana akimwonyesha mama mmoja ua la chungwa kwenye simu, huku mkono mwingine unafunga mche wa nicolai. "Mama, ua hili likianza kutoka utanikumbuka." Nina hakika amekumbukwa sana.

Tuseme unayo reginae. Usiitoe sebuleni asubuhi na kuiweka kwenye jua kali mchana huohuo, majani yataungua. Ianzishe na jua la asubuhi kwa wiki mbili hivi. Udongo uwe na mchanga na samadi iliyooza vizuri, chungu kiwe na matundu. Mwagilia maji mengi, kisha uache mpaka udongo wa juu ukauke. Maji ya kwenye sahani ya chini mwaga, mizizi yake minene huoza upesi. Vidung'ata na wadudu gamba hujificha kwenye maungio ya vikonyo. Kitambaa na maji ya sabuni vinatosha ukiwahi. Majani kuchanika ni kazi ya upepo tu, wekeni mikasi chini. Na msikimbilie kuihamishia chungu kikubwa kila mwaka. Mizizi ikibanana kidogo huchanua vizuri zaidi.

Kelele zangu zote ni kwa sababu ya ua lenyewe. Kuna ala ngumu iliyolala kama mdomo wa ndege, kingo zake zina wekundu. Inapasuka upande wa juu, vinachomoza vipande vya chungwa, halafu mshale wa buluu. Ukiligusa, kidole kinanata. Siku chache baadaye ua jingine linainuka kutoka ala ileile. Ndege akitua juu ya mshale, uzito wake unaufungua na chavua inamganda miguuni. Kule kwao kazi hiyo ni ya kwera, ndege wa kufuma viota. Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo mrefu, naye huja, ila mara nyingi hunywa nekta na kuondoka bila kulipa. Pale bustani ya mimea ya Kirstenbosch, Cape Town, msimamizi wake John Winter alichavusha kwa mkono kwa karibu miaka 20 mpaka akapata mimea ya kutosha yenye ua la manjano, nayo mwaka 1996 ikaitwa Mandela's Gold. Mtu amehangaika hivyo kwa rangi moja, wewe unashindwa kusogeza chungu hadi barazani?

Wanaosema nje itaibiwa nawaelewa. Mtaani kwetu vyungu vya plastiki hutembea usiku. Nunueni cha simenti. Kikijaa udongo uliolowa, mwizi atahitaji mwenzake na mkokoteni.

Na kama unakaa ghorofani, huna roshani wala dirisha la jua, mpe strelizia mtu mwenye uwanja, kisha tafuta mmea wa zamiokulkasi, unaovumilia kivuli. Huo asili yake ni huku kwetu, kuanzia Kenya kushuka mpaka Afrika Kusini. Ua lake ni dogo, linajificha chini karibu na udongo na halina la kujivunia, lakini ile kona ya kabati la tivi inauweza.