Daku ya Saa Nane

Mama mkwe alikuja kutoka Pangani kufunga nasi kumi la kwanza la Ramadhani. Mkwe akiwa ndani, mwanamume hujikaza hata kwa mambo yasiyomhusu. Mimi nilijikaza kwenye laptopu.

Nina steshenari ndogo Ngamiani, hapa Tanga. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za paspoti. Laptopu ya kazi ilikuwa na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kuhamia Windows 11 haikuwezekana, kwa sababu inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, na yangu ni ya kizazi cha 6. Mashine nzima, yenye afya, imenyimwa viza.

Mpwa wangu anayesoma Dodoma akaniambia, "Mjomba, weka Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni bure."

Neno bure likaniingia. Nilidhani kuchagua ni kazi ya dakika mbili, kumbe Linux ni kama kanga: pamba ni ile ile, lakini kila doti na jina lake. Kuna Debian, kuna Fedora, kuna Mint, na kila moja ina watu walio tayari kugombana kwa ajili yake. Nililinganisha wiki nzima, bando likaisha mara mbili. Mwishowe nikachagua Ubuntu kwa sababu ambayo fundi yeyote ataicheka: jina. Ubuntu ni utu wetu huu huu, na mwanzilishi wake, Mark Shuttleworth, ni mtu wa Afrika Kusini. Nikamsimulia mke wangu kwa fahari, hadi nikapitiliza na kumwambia kwamba toleo la kwanza kabisa, la Oktoba 2004, lilipewa jina la utani la ngiri mwenye chunjua.

"Baba watoto, unataka kuingiza ngiri humu ndani mwezi mtukufu?"

Nikamweleza kwamba yule ngiri alishapita, na kwamba hili langu la 24.04 lina jina la mnyama wa Australia anayekula mchwa. Hakuonekana kufarijika.

Kuliweka hakukunisumbua. Nilipakua faili ya gigabaiti kama 6 usiku, nikaiandika kwenye flashi, nikaijaribu kwanza bila kugusa diski. Sikuifuta Windows, kwa kuwa printa ya picha za paspoti haielewani na mwingine. Kwa hiyo zikakaa zote mbili, wake wenza nyumba moja, na kila nikiwasha mashine inaniuliza leo zamu ya nani. Nikichelewa kujibu, bi mdogo Ubuntu anajiingilia mwenyewe.

Siku ya pili nikafungua Windows, nikaona saa imerudi nyuma. Mchana wa saa tisa yeye anasema saa sita. Nikairekebisha kwa mkono. Kesho yake ikarudi tena nyuma kwa saa tatu kamili, haipungui dakika. Nikampelekea fundi. Akaichungulia kama daktari, akasema, "Betri ya saa imekufa, bosi," akafungua, akatoa kale kabetri kadogo ka mviringo kama sarafu, akaweka kapya. Nikalipa. Jioni, saa nyuma saa tatu. Nikairekebisha tena kwa mkono, nikazima mashine, nikaenda tarawehe. Ikumbuke hiyo.

Usiku nikazinduka kwa joto. Feni imesimama, umeme umekatika, giza la kukatwa kwa kisu. Simu yangu imezima. Ya mke wangu watoto walikuwa wameichezea mpaka ikakata roho. Saa ya ukutani haijatembea tangu Maulidi. Nikapapasa, nikaipata laptopu, nikaiwasha. Bi mdogo akafunguka, na pale juu katikati ameandika: 04:52.

Saa kumi na moja kasoro dakika nane! Adhana ya alfajiri ni kwenye saa kumi na moja na robo!

Sikumbuki nilivyotoka kitandani. Nakumbuka sauti yangu: "Amkeni! Daku inatupita!" Mke wangu akainuka anasema hakusikia ngoma za waamsha daku, nami nikamjibu kwamba hata mimi sikuzisikia, basi tazama tulivyolala. Nikagonga hata mlango wa mama mkwe, jambo ambalo kwa siku ya kawaida nisingelithubutu hata nyumba ikiungua. Akatoka amejifunga kanga, simu yake ya kitochi mkononi, akanitazama, akakitazama kitochi, hakusema kitu.

Tulikula kama watu wanaofukuzwa. Wali wa nazi uliopoa, mchuzi wa kibua, tende, maji, tende tena. Mtoto wa mwisho alilala na tonge mdomoni, ikabidi tumzindue atafune. Mimi nahesabu kwa sauti: dakika kumi na mbili! Dakika tisa! Mama mkwe, ambaye kwa kawaida samaki mmoja humchukua nusu saa, alimeza siku ile kwa namna ambayo sikuwahi kuiona na sitarajii kuiona tena.

Katikati ya hayo nikamkumbuka jirani yangu, dereva wa bajaji, anayelala kama gogo. Nikaona utu ndio huu, nikatoka kumgongea dirisha. "Jirani! Zimebaki dakika saba!" Nikasikia kitu kizito kikianguka, kisha sufuria.

Tukapiga mswaki, tukanuia, nami nikashika njia ya msikitini nikijisikia mtu mwema. Nikakuta mlango umefungwa. Nikasikitika: leo hata muadhini amepitiwa! Nikakaa kwenye ngazi, nikaanza kufikiria namna ya kumwamsha bila kumwaibisha. Mlinzi akaja na tochi, akanimulika usoni, halafu miguuni.

"Umekuja kuiba viatu, na wenye viatu bado wamelala?"

"Shikamoo mzee. Nimekuja kuswali alfajiri."

"Marahaba. Alfajiri ya lini?"

Akanionyesha simu yake. Saa nane na dakika ishirini usiku.

Nilirudi polepole. Nyumbani wote wamekaa sebuleni gizani wanangoja adhana, midomo imefungwa, hakuna anayemeza hata mate. Nikawaambia. Kimya kikapita. Halafu mama mkwe akasema kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza:

"Hata mimi simu yangu iliniambia saa nane, baba. Nikadhani imeharibika. Nikasema, mkwe wangu ni mtu wa kompyuta."

Kisheria tulikuwa huru kula tena mpaka alfajiri. Tatizo sufuria zilikuwa tupu, na mke wangu alishatamka kwamba hawashi jiko mara mbili kwa usiku mmoja kwa ajili ya ngiri. Saa kumi kasorobo waamsha daku wakapita na makopo yao. Walipofika dirishani kwa jirani wakapokewa na maneno ambayo mtu aliyekwisha nuia hapaswi kuyasema.

Mchana nikampigia mpwa wangu. Akacheka kwanza, kisha akaeleza. Ndani ya mashine kuna saa moja tu. Windows huiamini kuwa ni saa ya hapa petu. Ubuntu huiamini kuwa ni ya kule Greenwich, Uingereza, kisha anaongeza tatu apate ya Tanga. Mmoja akiisahihisha, mwenzake anapotea. Kukiwa na intaneti Ubuntu huuliza na kujirekebisha, lakini umeme ulikuwa umekatika, hana wa kumuuliza, akajiongezea saa tatu juu ya zile nilizoziweka kwa mkono wangu jioni ile. Betri ya fundi haikuwa na kosa lolote, wala ile ya kwanza.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa amri, timedatectl set-local-rtc 1, na neno sudo, la kuomba mamlaka ya msimamizi wa mashine, likitangulia. Ikaniomba nenosiri. Nikaandika, hakuna kinachoonekana, hata nyota. Nikaandika tena kwa nguvu. Nilishafika kwenye kutafuta fundi wa kibodi ndipo mpwa akanituliza kwamba ndivyo ilivyo, inasikia ila haionyeshi.

Sasa wake wenza wanakubaliana saa. Jirani alinisamehe Idi pili, baada ya sahani mbili za pilau. Mama mkwe amerudi Pangani, na akipiga simu, salamu zikiisha, huuliza, "Hapo kwenu saa ngapi sasa, baba? Ya Tanga, sitaki ya Uingereza."