Mama mdogo anakoroma na presha haisikii dawa

Msiba wa babu, Korogwe, wanawake tumelala sebuleni kwenye mikeka kama dagaa, mi nikaangukia pembeni ya mama mdogo. Mwanzoni alikoroma kama mashine ya kusaga, watu wakacheka chini chini, mmoja akamtupia kanga. Halafu kimya. Nikajua kageuka, kumbe wala, yuko chali vilevile, kifua kinapanda na kushuka ila hamna hewa inayoingia, nikajikuta nahesabu, nimefika 25 ndo akashtuka kwa kishindo, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka toka chini ya maji, akaendelea na mkoromo wake. Dakika mbili hazijaisha tena kimya. Sikulala mpaka adhana.

Asubuhi namwambia mama mdogo usiku unaacha kupumua, akanikata jicho maana mawifi zake walikuwa wanachemsha chai palepale. "Usinitie aibu mwanangu."

Na hapo ndo ugomvi wangu ulipo. Baba akikoroma ni utani wa nyumba nzima, mpaka majirani wanajua, ila mwanamke akikoroma ni siri kama deni la kikoba. Mama mdogo ana miaka 56, presha ilimwanza baada ya hedhi kukata, anameza vidonge vya aina tatu na bado inasoma 160 na kitu. Kila kliniki anaambiwa punguza chumvi, punguza mawazo. Kichwa kinauma kila asubuhi, anaamka usiku mara nne kukojoa, mchana amechoka kama katoka shamba, anasahau mpaka sufuria jikoni, na vyote hivyo jibu lake lilikuwa moja tu, ni umri mama, ni homoni. Kuna aliyempa hadi vidonge vya usingizi, ambavyo baadhi yake vinaweza kulegeza koo zaidi!

Kinachotokea ni hivi. Ukilala misuli ya koo inalegea, kwa wengine inalegea mpaka njia ya hewa inajifunga sekunde 10 au zaidi. Oksijeni inashuka, ubongo unapiga yowe, mwili unamwaga adrenalini, mishipa inabana, presha inaruka, mtu anazinduka nusu bila hata kujijua, anapumua, anazama tena, koo linafunga tena. Inaitwa apnia ya usingizi. Ikitokea mara 15 mpaka 30 kwa saa ni ya kati, ikizidi 30 ni kali. Piga hesabu kwa usiku wa saa saba, zaidi ya mara 200 moyo unatimuliwa mbio, wakati kawaida presha ya mtu aliyelala inatakiwa ishuke kama asilimia 10 mpaka 20 ili moyo nao upumue. Ndo maana ugonjwa huu unaandamana na presha sugu, mapigo yanayoenda ovyo, kiharusi, na moyo kushindwa kazi.

Sasa mbona wanawake hawakamatwi mapema? Angalia maswali yenyewe. Kuna dodoso linaitwa STOP-Bang linatumika dunia nzima, ukiwa mwanaume tu unapata pointi, shingo ikizidi sentimita 40 pointi, mtu akikuona umeacha kupumua pointi. Mwanamke shingo yake nyembamba, na huyo wa kumwona ni nani, mume aliyelala fofofo? Juu ya hapo wengi wetu hatuji na mkoromo, tunakuja na kukosa usingizi, uchovu, huzuni, tunaondoka na dawa za huzuni. Halafu kwa wanawake wengi pumzi inakatika zaidi kwenye usingizi wa ndoto, ukigawa kwa usiku mzima namba inaonekana ndogo, wanakwambia ni kidogo tu hiyo. Mwaka 1997 watafiti wa Wisconsin, Marekani, walikadiria kwamba zaidi ya wanawake 9 kati ya 10 wenye apnia ya kati au kali hawajawahi kuambiwa wanayo. Hiyo ni Marekani jamani.

Mashine ya kutibu hii inaitwa CPAP, inasukuma hewa kupitia maski ili koo lisijifunge. Kuna watakaosema mashine yenyewe haiokoi moyo, na wana hoja. Jaribio la SAVE la mwaka 2016, watu zaidi ya 2,700 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au mishipa ya ubongo, waliopewa mashine ya CPAP hawakupungukiwa na mashambulizi. Ila soma vizuri, walivaa kwa wastani wa saa tatu na kidogo kwa usiku, na karibu 8 kati ya 10 walikuwa wanaume. Wahispania wao waliwafuatilia wanawake 1,116, wakatoa majibu 2012, wenye apnia kali wasiotibiwa hatari yao ya kufa kwa moyo na mishipa ilikuwa kama mara tatu na nusu ya wasio na ugonjwa, waliotumia mashine haikuwa hivyo. Hawakugawanywa kwa kura nani avae mashine nani asivae, kwa hiyo unaweza kusema wanaovaa mashine ndo wale wale wasioruka dawa, sawa, nakubali. Lakini mtu asiniambie majibu ya wanaume waliovaa saa tatu ndo hukumu ya mama yangu mdogo.

Tulimpeleka kupima, anavaa kifaa usiku nyumbani, mkanda kifuani, kimrija puani, kitu kidoleni cha kusoma oksijeni. Ikatoka mara 38 kwa saa. Mashine ukoo ulichanga kwa kulalamika, ukoo uleule uliochangia ukumbi wa sendofu bila hata kuuliza bei, lakini tuyaache. Wiki ya kwanza alikuwa anaivua usingizini, maski ikamchubua pua, tukabadilisha saizi. Presha haikuporomoka kama kwenye matangazo, kwenye tafiti wastani ni pointi mbili tatu hivi, wenye presha sugu kidogo zaidi. Vidonge bado anameza vitatu na dokta kamkataza kugusa hata kimoja, ila sa hivi inasoma 140 na kidogo, kichwa hakiumi, na sufuria haziungui.

Mwezi uliopita tulikuwa Tanga kwenye harusi, tukalala chumba kimoja tena. Akaomba kona yenye soketi, akatoa mashine kwenye begi, mawifi wote macho. Wifi yangu hii ni ya nini? Akawajibu bila kupepesa, ya pumu.

Usiku wa manane wifi mkubwa akamfuata uani, akamnong'oneza, hiyo pumu yako, na mimi nahisi ninayo.