Kampala unakula wapi? Nenda kwa wenye chakula chao

Wageni wakija Kampala, iwe ni ndugu kutoka Mombasa ama jamaa wa biashara kutoka Mwanza ama Goma, swali huwa ni lile lile, jamani tule wapi. Na watu wengi wanawapeleka kule kule, Kololo kwenye mtaa wa matajiri ama kwenye majumba ya shopingi, mnakaa kwenye makochi, mnaletewa menyu nene ina pizza, biriani, tambi za Kichina, baga, na matoke yamefichwa ukurasa wa mwisho huko. Mimi hilo nalipinga kabisa na watu wangu wananijua kwa hilo. Jiko moja linalojidai linapika vyakula vya nchi saba, mara nyingi hakuna hata kimoja linachokijua vizuri. Huu mji una watu kutoka kila mahali na kila watu walikuja na mapishi yao, so ukitaka kula ukashiba na roho ikatulia nenda mahali ambapo watu wanawapikia watu wao wenyewe, maana hao wateja ndo wakali, chumvi ikizidi kidogo wanasema hapo hapo na kesho hawarudi.

Tuanze na cha wenyeji, kwa sababu hapa ndo wageni wanakosea sana. Mtu wa Nairobi ama Dar anakwambia matoke hayana ladha, ni ndizi tu zimepondwa. Najua alichokula, alikula yale ya bafe yaliyokaa tangu asubuhi yakakauka juu yakawa magumu. Matoke ya Kiganda yanamenywa, yanafungwa ndani ya majani ya mgomba, yanapikwa kwa mvuke mpaka yaive, alafu mama anayaminya kwa mikono yakiwa bado kwenye majani yake, yana moto kweli kweli ila mikono yake imezoea, kisha anayarudisha kwenye moto mdogo yaendelee kuiva polepole. Yakija mezani ni ya njano, laini, yananukia majani. Hapo weka mchuzi wa karanga wenye samaki wa kukaushwa kwa moshi ndani, alafu ndo uniambie hayana ladha.

Kitu kingine ambacho mgeni hajui, kwenye kafunda, vile vihoteli vidogo vya mtaani, mchana unachagua mchuzi tu. Unasema mimi nyama, ama maharage, ama karanga, bei ni ya huo mchuzi, na chakula kinakuja chote: matoke, wali, posho (ndo ugali wa mahindi), viazi vitamu, muhogo, boga, siku zingine na magimbi, vyote kwenye sahani moja imejaa mpaka unatafuta pa kuanzia. Kama hutaki vyote sema mapema, mwambie matoke na wali tu basi, hakuna anayekasirika. Na nenda mapema, saa saba watu wa maofisi wanamiminika na ikifika saa tisa vizuri vyote vimekwisha.

Luwombo ndo usiikose. Inasimuliwa kwamba ilianzia jikoni kwa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, miaka ya 1880 huko, na mpaka leo ni chakula cha heshima, cha wageni, cha harusi, cha Krismasi. Wanachukua jani changa la mgomba, wanalipitisha juu ya moto lilainike lisipasuke, wanaweka kuku, ama nyama, ama karanga na uyoga, wanamwaga mchuzi, wanakunja na kufunga juu kwa kamba ya mgomba, alafu inapikwa kwa mvuke masaa mengi, mara nyingi juu ya matoke kwenye chungu hicho hicho. Inakuja mezani bado imefungwa na inafunguliwa mbele yako. Ikija imeshamiminwa kwenye bakuli mimi nauliza maswali, kwani jani liko wapi? Na mahali ambapo saa kumi jioni bado wana luwombo ya kila aina mimi huwa naondoka, maana luwombo nzuri inapikwa ya kutosha siku hiyo na inaisha.

Watu wanadhani chakula cha Uganda ni cha Waganda peke yao. Hapana bana. Waacholi na Walango wana malakwang, majani yenye uchachu fulani yanapikwa na siagi ya karanga, yanaliwa na kiazi kitamu, na mimi kwangu hiyo ni moja ya mboga tamu kuliko zote Afrika Mashariki na siombi radhi. Acholi Quarter kule Banda kwenda Kireka utaipata, na kuna kafunda za watu wa kaskazini sehemu nyingi za mji, ulizia tu kwa mtu wa Gulu ama Lira. Watu wa Ankole nao wana eshabwe, samli iliyopigwa mpaka ikawa nyeupe na nzito, inaliwa ikiwa baridi na kalo, ugali wa ulezi. Wagisu, wanaoitwa pia Bamasaaba, kutoka Mbale wana malewa, machipukizi ya mianzi kwenye karanga. Hivi vyote viko Kampala, lakini huvipati kwenye zile orodha za mtandaoni za hoteli kumi bora, na hilo linaniuma kweli, kwa sababu anayevipika ameamka usiku wa manane na anastahili mteja kuliko mtu yeyote.

Rolex, chapati iliyokunjwa na mayai ndani, siwezi kuiruka. Wandegeya, pale karibu na Makerere, wanafunzi ndo waliikuza, na saa hizi kila kona ya nchi kuna kijana na sigiri yake na kikaango bapa. Mwangalie anavyofanya: anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, anakatia kitunguu, nyanya na kabichi humo humo kwa kisu, chumvi, anakoroga kwa nguvu, anamwaga kwenye mafuta, yai likianza kushika anaweka chapati juu, anageuza, anapanga vipande vya nyanya mbichi, anakunja. Dakika chache umemaliza. Ushauri wangu ni mmoja tu, simama kwa yule anayesukuma chapati zake mwenyewe pale pale, zile zilizokuja zimepangwa kwenye ndoo zinakuwa kama zimelala. Na mwambie akufungie kwenye karatasi, chakula cha moto kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, si kitu kizuri. Chapati yenyewe tuliipata kwa Wahindi, wale waliokuja wakati reli inajengwa kutoka Mombasa kuanzia mwaka 1896 na wafanyabiashara waliowafuata, na mtoto wa Wandegeya akaiongezea yai. Nani anaweza kusema hicho si chakula cha Uganda?

Na hao Wahindi wenyewe, Amin aliwafukuza mwaka 1972, akawapa siku 90, miaka ya 1990 wengi wakaanza kurudi na mali zao zikarudishwa. Majiko yao yakarudi pia. Mimi siendi kwenye yale ya gharama ya mlimani, natafuta zile hoteli ndogo za Wagujarati mjini ambazo hazipiki nyama kabisa, unakaa unapewa sahani ya chuma ina vibakuli, dengu, mboga mbili tatu, achari, maziwa ya mgando, na kijana anapita anaongeza mpaka ufunike sahani kwa mkono. Kwa mtu asiyekula nyama, ama mtu ambaye hana uhakika na nyama ya mahali, hapo amefika.

Sisi Waislamu tuna bahati nyingine inaitwa Kisenyi. Ukishuka tu kutoka msikiti mkubwa wa Old Kampala uko kwa Wasomali, na pale Kiswahili chako kinafanya kazi vizuri sana. Unakaa, unaletewa supu kwanza bila kuulizwa, alafu wali wenye rangi na hiliki na mdalasini, juu paja la mbuzi limepikwa mpaka linaachia mfupa lenyewe, na pembeni ndizi mbivu. Ile ndizi si ya baadaye! Unaikata unaila pamoja na wali na bisbaas, ile pilipili yao ya kijani, chumvi na utamu na ukali vinakutana kwenye tonge moja. Watu wanaogopa Kisenyi kwa sababu ya kelele na msongamano, malori na vinu vya unga, mabasi, wachuuzi, kila kitu. Shika simu yako vizuri, fuata swala ya adhuhuri ikiisha, ingia pale ambapo wazee wamejaa. Kwa hela ya kahawa na kipande cha keki kwenye majumba ya shopingi, Kisenyi unakula unashiba na chai ya maziwa yenye viungo juu. Ramadhani mchana wanafunga ila jioni ndo mwenyewe utaona.

Kabalagala na Kansanga, kwenye Ggaba Road, wenye pale ni Wahabeshi, Waethiopia na Waeritrea. Watu wengi wanaijua Kabalagala kwa disko tu, ni hasara. Nenda Jumatano ama Ijumaa, hizo ni siku za kufunga za Kanisa lao la Orthodox, hawali nyama wala maziwa wala mayai, kwa hiyo jiko linaweka nguvu zote kwenye mboga: dengu nyekundu, shiro (mchuzi mzito wa unga wa dengu), kabichi, sukuma, viazi vyekundu, vyote vimepangwa juu ya injera moja kubwa, ule mkate wao bapa na laini, mnakula wote kwa mkono. Injera ina uchachu kwa sababu unga unaachwa siku kadhaa uchachuke, mara ya kwanza mtu anakunja uso, mara ya pili anaitafuta. Na usiondoke kabla ya kahawa. Wanaikaanga mbele yako, wanakupitishia moshi wake unuse, wanatwanga, wanachemsha kwenye jebena, birika lao la udongo, unapewa kwenye kikombe kidogo, na inaletwa raundi tatu. Hii nchi yetu ni kati ya nchi zinazouza kahawa nyingi zaidi Afrika na nyumbani kwetu wengi bado tunakunywa chai, kahawa nzuri ya kukaa na kunywa taratibu wametufundisha wageni wetu hawa, tuwashukuru.

Alafu Wakongomani. Nsambya, Katwe, Makindye, huko kuna vyumba vya mbele vya nyumba vimegeuzwa hoteli, meza tatu, pazia, muziki wa rumba, na mama anakuuliza "munakula nini leo?" na mnaelewana bila shida. Chukua sombe. Ni majani ya muhogo yametwangwa na kupikwa muda mrefu na mawese, ikipikwa haraka inakuwa chungu na inakwaruza koo, ikipikwa na mtu anayejua inakuwa laini kama siagi. Bugali, yaani ugali wao, sombe, na makayabu, samaki wa chumvi aliyelowekwa vizuri chumvi ikapungua. Pilipili yao iheshimu. Wengi wa hawa mama walikuja wakikimbia vita Kivu, Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu na sio wote wako kambini, kuna waliokuja mjini wakajitegemea, na chungu ndo mtaji wa kwanza walionao. Nikipeleka wageni wangu pale sitoi sadaka, nanunua chakula kizuri kwa bei ya haki, na natamani watu wengi zaidi wa mji huu wafanye hivyo.

Kitimoto sili, so siwezi kukuambia kuhusu nyama choma ya nguruwe ambayo Kampala inapendwa kupita kiasi, watu wa Wandegeya watakuelekeza. Pesa beba keshi ama mobile money, kadi kwenye hizi sehemu sahau. Na maji nunua ya chupa iliyofungwa.

Jumapili nenda Ggaba mwaloni, kwenye Ziwa Victoria, usiende na gari kama unaweza, boda inakufikisha haraka zaidi. Samaki anatoka ziwani pale pale, unachagua ngege (sato) mwenyewe, mtazame macho yawe maangavu na mashavu ndani yawe mekundu, mkubaliane bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Anakatwa mistari mbavuni, chumvi, anakaangwa mzima mpaka mapezi yanavunjika kama bisikuti, anakuja na muhogo ama chipsi na kachumbari, ndimu uombe ya ziada. Itachukua muda, labda saa nzima, hiyo ni dalili kwamba wameanza kumpika ulipoagiza. Na kama mko wengi chukueni mmoja mkubwa badala ya wadogo wanne, nyama yake haikauki.