Sare ya 10-10: Parseghian aliogopa, au alipiga hesabu?

Novemba 19, 1966, mjini East Lansing, jimbo la Michigan, watu 80,011 walijaa uwanjani kuangalia Notre Dame, namba moja katika mpira wa Kimarekani wa vyuo, ikipambana na Michigan State, namba mbili. Hakuna aliyekuwa amepoteza mchezo msimu ule. Waligawana 10-10, na ubishi wa dakika ya mwisho haujaisha mpaka leo.

Zilibaki kama sekunde 70. Notre Dame walikuwa na mpira kwenye yadi 30 ya upande wao. Kocha wao, Ara Parseghian, akaagiza vijana wake wakimbie nao badala ya kuurusha mbali kutafuta ushindi. Wachezaji wa Michigan State wakawa wanawakejeli usoni.

Wanaomlaumu nawaelewa. Unajiita bora nchini, mpira unao mkononi, halafu unaridhika na sare? Mashabiki waliosubiri mchezo ule wiki nzima walistahili kuona jaribio la kweli.

Ila tazama alichobaki nacho. Nick Eddy, mkimbiaji wake tegemeo, aliteleza akishuka kwenye treni, akaumia bega, hakucheza. Kwotabeki (mwongozaji wa mashambulizi na mrushaji wa pasi) Terry Hanratty aliumizwa bega na Bubba Smith wa Michigan State katika robo ya kwanza. Aliyeingia, Coley O'Brien, alikuwa na kisukari. Kijana huyo aliichukua timu ikiwa nyuma 10-0, akamrushia Bob Gladieux pasi ya yadi 34 iliyozaa pointi, lakini kufikia mwisho nguvu zilikuwa zimemwishia na pasi zinapotea. Na ng'ambo alisimama Dick Kenney wa Hawaii, aliyepiga mpira peku, na siku ileile alishafunga pointi tatu kwa mguu kutoka yadi 47. Pasi moja ikinaswa, anaitwa Kenney kupiga mpira wa ushindi.

Tena, Notre Dame waliupataje mpira ule? Michigan State wenyewe waliupiga mbele kwa mguu, hawakuthubutu kucheza jaribio la nne (timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10; ikishindwa, mpira ni wa wapinzani palepale). Parseghian, alipofika jaribio la nne ikibaki yadi moja, kwenye yadi 39 ya upande wake, alicheza na akapata. Kwangu mimi huyo si mwoga.

Alijua pia kwamba wakati ule bingwa hakupatikana uwanjani. Bingwa alichaguliwa kwa kura za waandishi na za makocha, na Notre Dame walibakiwa na mchezo mmoja, dhidi ya USC, chuo cha California. Wiki iliyofuata waliushinda 51-0, wakatawazwa. Na sare haikuwa na pa kuamuliwa: muda wa nyongeza ulikuja kuwa kanuni ya msimu mzima mwaka 1996 tu.

Aliyeumia kwa hesabu hizo ni timu ya chuo cha Alabama. Ilikuwa bingwa wa 1964 na 1965, mwaka 1966 ikashinda michezo yote 11, ikiwemo dhidi ya Nebraska 34-7 Januari 1967, baada ya kura kupigwa. Kwenye kura ikawa ya tatu! Kwa namba peke yake, hiyo ni dhuluma, na vijana waliocheza hawakutunga sera ya chuo chao ya kusajili weupe tu.

Hata hivyo siwezi kuipigania kwa moyo wote. Michezo yake yote 10 ya msimu wa kawaida ilikuwa dhidi ya vyuo vya Kusini mwa Marekani, na timu ilikuwa ya weupe watupu. Ilisajili mchezaji mweusi kwa ufadhili wa masomo kwa mara ya kwanza mwaka 1970. Notre Dame nao hawakuwa mfano mzuri: walikuwa na mchezaji mweusi mmoja tu, Alan Page. Michigan State ndiyo iliyofungua mlango. Manahodha wake George Webster na Clint Jones walikuwa weusi, na kwotabeki Jimmy Raye pia.

Mwaka 1967 timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya, Smith alikuwa wa kwanza, Jones wa pili, Webster wa tano, Gene Washington wa nane. Wote wa Michigan State. Smith na Washington walitoka Texas, Webster South Carolina: Kusini kulekule ambako Alabama ilikuwa inatafuta vijana weupe tu.