Ushuru Ninaufahamu, Hiyo Iliyobaki ni ya Nani?

Tangu minada ya korosho ilipoanza kuingiza fedha mifukoni mwa watu, kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Mtwara, na mimi nimeletewa na watu ambao hata hawafahamiani. Unawafundisha wanaonunua vitu mtandaoni kutoka China, India na Dubai namna ya kukwepa gharama za forodha: mwambie muuzaji aandike kuwa ni zawadi, mwombe ashushe bei kwenye ankara, gawanya mzigo vipande vipande, na kumbuka kwamba kitu cha chini ya dola 500 hakilipiwi ushuru. Aliyeuandika ameuandika kwa kujiamini kama hakimu anayesoma hukumu, na walioupokea wameusambaza kwa kujiamini kuliko yeye.

Sijaudhika kwa sababu watu wanataka kuokoa fedha zao. Nimeudhika kwa sababu ujumbe wote unapigana na serikali, ilhali fedha nyingi zinazotutoka kwenye vimizigo hivi vidogo haziendi serikalini.

Niyamalize kwanza yale mepesi. Nafuu ya namna hiyo ipo kweli katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, lakini ni ya msafiri aliyebeba vitu vyake mwenyewe na kuvitamka mbele ya afisa, na mkazi anayerejea nyumbani lazima awe amekaa nje ya nchi kwa zaidi ya saa 24. Aliyelala Shangani hapa Mtwara na kubonyeza simu yake hajasafiri kokote. Neno "zawadi" nalo halifuti thamani ya kitu, na sijui ni afisa gani anayeamini kwamba duka la Guangzhou limempenda mtu wa Chikongola kiasi cha kumtumia jozi sita za viatu vya saizi tofauti. Kugawanya mzigo kunakuongezea nauli tu.

Kushusha bei kwenye ankara ni jambo zito zaidi. Forodha haifungwi na bei iliyoandikwa; afisa akiitilia shaka, anaruhusiwa kuikataa na kupanga thamani kwa kulinganisha na bidhaa zilezile au zinazofanana zilizokwisha kuingia. Kifungu cha 203 cha sheria hiyohiyo kinampa mtoa tamko la uongo kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Tena mzigo ukipotea njiani, bima itakufidia kwa ile bei uliyoiandika kwa ujanja wako. Lakini linalonitisha kuliko yote ni kwamba sheria inamfanya mwenye mzigo awajibike kwa matendo na matamko ya wakala wa forodha aliyemwidhinisha kumtolea mzigo. Wakala anapokwambia kwa sauti ya undugu, "Usiwe na wasiwasi dada, bei nitaiweka chini mimi mwenyewe," anacheza kwa jina lako.

Sasa nije kwenye kiini cha hasira yangu. Jirani yangu mmoja anaongoza kikundi cha akina mama wabangua korosho, na mwaka jana walichangishana wakaagiza mtandaoni mashine ndogo ya kubangulia kutoka India, ambayo thamani yake pamoja na bima na nauli hadi Dar es Salaam ilikuwa takriban shilingi 800,000. Mashine ilipofika, walipigiwa simu na wakala wakaambiwa walete shilingi 620,000 za "ushuru na kutoa mzigo". Waliomba mchanganuo. Wakajibiwa kuwa hiyo ndiyo bei ya serikali, na kwamba kila siku wanayouliza maswali ghala linahesabu gharama.

Mama huyo alikuja kwangu na daftari la kikundi, tukakaa barazani tukapiga hesabu ambayo mtoto wa darasa la saba anaiweza. Mpangilio wa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una makundi manne: asilimia 0 kwa malighafi na mitambo ya uzalishaji, 10 kwa bidhaa zilizo nusu njia, 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kundi la 35 kwa vitu kama nguo na samani ambavyo viwanda vyetu vinasemekana kuvitengeneza. Mashine za kuandaa vyakula, zikiwemo za matunda na njugu, zipo fungu la 8438 katika HS, yaani orodha ya forodha inayoipa kila bidhaa namba yake, na zina sifuri. Kwa hiyo ushuru wa forodha wa mashine ile ulikuwa hakuna. VAT ya asilimia 18 juu ya 800,000 ni 144,000, kisha kuna tozo ya reli na ada ya uchakataji wa nyaraka ambazo kwa thamani hiyo ni fedha ndogo.

Basi tukasema tuwe wakarimu, tumchukulie wakala kuwa hajui mashine ni nini na ameiweka kwenye kundi la 25 kama vile ni bidhaa yoyote iliyokamilika. Ushuru ungekuwa 200,000, VAT ingepigwa juu ya 1,000,000, yaani 180,000, jumla 380,000. Hata kwa kosa hilo la kuwaumiza, kuna shilingi zaidi ya 200,000 ambazo si za Mamlaka ya Mapato, si za reli, wala si za mtu yeyote aliyetajwa kwenye sheria yoyote. Waliporudi na hesabu hiyo wakataka nakala ya tamko la forodha, ile TANSAD, pamoja na kumbukumbu namba ya malipo ili walipe wenyewe moja kwa moja benki, bei ya serikali ikashuka kwa simu moja tu. Sikujua kwamba viwango vilivyopangwa na mawaziri wa nchi wanachama vinaweza kupunguzwa na mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya ghala.

Hilo ndilo ningependa lisambazwe kwenye makundi badala ya ule ushauri wa zawadi. Kodi ina kanuni, ina namba ya HS, ina asilimia iliyochapishwa, ina risiti, na usiporidhika na uamuzi unaweza kumwandikia Kamishna wa Forodha ndani ya siku 30 kuomba aupitie upya, kama kifungu cha 229 kinavyoruhusu. Ada ya kutoa mzigo haina lolote kati ya hayo isipokuwa umeomba iandikwe peke yake kabla kazi haijaanza. Kinachowasaidia mawakala wa aina hii ni kwamba wanavichanganya vyote viwili kwenye neno moja, "ushuru", kisha mteja anarudi kijijini Tandahimba akiilaani serikali kwa fedha ambazo haikuzipata. Nami si mpenzi wa kuitetea serikali katika mambo ya fedha, hasa sisi watu wa Kusini, lakini lawama nayo inapaswa kufika kwa mwenyewe.

Ule ujumbe wa WhatsApp, nimegundua, umeokotwa nusunusu kutoka kwenye ushauri wa watu wa Kanada, na walioutafsiri waliacha sehemu yake ya maana. Kule, mtu anayeletewa kifurushi na kampuni ya usafirishaji wa haraka anaweza kuikatalia isimtolee mzigo, akachukua nyaraka zake, akaenda mwenyewe kwenye ofisi ya forodha ya nchi yao, akalipa kodi halali, akapewa hati ya malipo, kisha akairudisha kwa msafirishaji na kupewa kifurushi. Anachokwepa ni ada ya uwakala, si kodi. Wengine huchagua posta, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitoza dola 9.95 za Kanada kwa kazi ya kushughulikia kifurushi kinachodaiwa kodi, kiasi kinachojulikana kabla mtu hajanunua. Wamarekani walikuwa na raha zaidi, maana vifurushi vya hadi dola 800 viliingia kwao bila ushuru, mpaka nafuu hiyo ilipoondolewa kwa bidhaa za China tarehe 2 Mei 2025 na kwa nchi zote tarehe 29 Agosti mwaka huohuo. Anayewanukuu Wamarekani leo ananukuu marehemu.

Kwa upande wetu, sheria ya mwaka 2004 inasema kwamba jambo ambalo mwenye mzigo anatakiwa au anaruhusiwa kulifanya linaweza kufanywa kwa niaba yake na wakala aliyeidhinishwa. Wa kwanza kutajwa ni mwenye mzigo. Wakala ni msaidizi wake. Katika utendaji mambo yamegeuka, mwenye mzigo amekuwa mtu wa kupigiwa simu na kuambiwa alete fedha, na kwa sisi tuliopo zaidi ya kilomita 550 kutoka Dar es Salaam, kwenda kubisha hodi ghalani kunagharimu nauli ya basi kwenda na kurudi, chakula, mahali pa kulala Mbagala kwa shemeji, na siku za kazi zilizopotea. Mawakala wasio waaminifu wanaifahamu hesabu hiyo vizuri sana. Wanapanga bei yao chini kidogo tu ya gharama ya wewe kuwafuata.

Ninakiri, bila furaha, kwamba wakala mzuri anastahili malipo yake. Kontena haliwezi kutolewa na mtu anayeona fomu kwa mara ya kwanza, na kosa la namba moja linaweza kugharimu kuliko ada yoyote. Ninakiri pia kwamba wasafirishaji wa mizigo ya mchanganyiko, wanaotoza kwa kilo au kwa ujazo na ushuru ukiwa ndani, huwa nafuu kwa nguo na vikorokoro, ingawa mzigo hutolewa kwa jina lao, na wewe hubaki bila karatasi yoyote inayoonyesha kwamba kitu chako kililipiwa. Kwa gauni la harusi sawa. Kwa mashine ya kikundi, ambayo kesho mtaombwa hati zake na benki au halmashauri, hapana.

Kabla hujalipia chochote, basi, muulize muuzaji kama bei ni DDP, yaani yeye ndiye anayebeba ushuru hadi mlangoni, au ni DAP, ambapo ushuru ni wako. Kama ni DDP, ihifadhi kauli hiyo kwa maandishi ili usitozwe mara ya pili. Kwa vitu vidogo visivyo na haraka, fikiria Posta, kwa sababu pale afisa wa forodha anaanza na tamko alilobandika mtumaji, fomu ya CN22 au CN23, na kiasi unachodaiwa unaelezwa dirishani. Hakikisha tu mtumaji ameandika kitu chenyewe kwa jina lake na bei ya kweli, maana neno "bidhaa" peke yake ni mwaliko wa kufunguliwa kifurushi.

Na wakuu wa forodha mkoani hapa, kama makala hii itawafikia, ombi ni hili. Mtwara ina bandari iliyopanuliwa kwa mabilioni ya shilingi, ina maafisa wa forodha, na ina ofisi ya Mamlaka ya Mapato yenye dawati la huduma kwa mlipakodi. Wekeni pale siku moja kwa wiki ambayo mwenye kifurushi kilichokwama Dar es Salaam anaweza kuja na ankara yake, akaonyeshwa namba ya HS ya kitu chake na kiasi halali anachodaiwa, kimeandikwa na kugongwa muhuri. Hatuombi kupunguziwa hata senti moja. Tunaomba karatasi ya kumwonyesha wakala atakapopiga simu.