Mofini, kilio na utosi: maumivu ya mtoto aliyepasuliwa kichwa

Mtoto mwenye kichwa kikubwa kwa kujaa maji akiwekewa mpira wa kuyatoa, ndugu wanaokuja kumwona huliona jeraha la kichwani tu, lile lenye bandeji. Njia ya mpira hawaioni. Daktari hupasua ngozi karibu na sikio, hutoboa fuvu, kisha hupitisha chuma kirefu chini ya ngozi kupitia shingoni na kifuani hadi tumboni, ambako hupasua tena ili ncha ya mpira iingie ndani. Kwa hiyo mtoto anapozinduka ana majeraha mawili, na katikati yake ngozi iliyobanduliwa kutoka kwenye nyama kwa urefu wa nusu ya mwili wake. Hapa Afrika Mashariki sehemu kubwa ya watoto wanaopasuliwa kichwa wanapasuliwa kwa sababu hii, si kwa sababu ya uvimbe.

Ukifungua faili lake, si ajabu kukuta mstari mmoja tu kuhusu maumivu: parasetamoli, apewe akihitaji. Mtoto wa miezi mitano atahitaji vipi? Hana lugha ila kilio, na wodini kilio kina tafsiri nyingi: njaa, homa, usingizi, ugeni wa mahali. Mama akisema, "Sista, huyu hajatulia tangu jioni," atajibiwa, "Mnyonyeshe, mama, atatulia." Na mara nyingine kweli hutulia.

Ingekuwa rahisi kusema madaktari hawajali, lakini hoja yao ya kuogopa kumpa mtoto dawa kali ina uzito. Baada ya upasuaji wa kichwa, hatari kubwa ni damu kuvujia ndani au ubongo kuvimba, na dalili ya mapema ni mtoto kuanza kulegea na kusinzia kusiko kwa kawaida. Mofini, dawa kali ya maumivu, nayo huleta usingizi. Husababisha kutapika, na kutapika ni dalili nyingine ya presha kupanda ndani ya fuvu. Husinyaza mboni za macho, ambazo daktari huzimulika kwa tochi kutafuta dalili hizohizo. Lililo baya zaidi, ikizidi hupunguza kasi ya kupumua. Kabonidayoksaidi hujaa kwenye damu, mishipa ya ubongo hutanuka, na presha uliyokuwa unaiogopa unakuwa umeileta mwenyewe. Kwa mtoto wa chini ya miezi mitatu hofu hiyo ni kubwa zaidi, maana mwili wake huiondoa dawa hii polepole.

Kuna pia usemi wa zamani kwamba ubongo hauumi. Ni kweli: nyama ya ubongo haina mishipa ya kuhisi maumivu, ndiyo maana kuna wagonjwa wanaopasuliwa wakiwa macho na wanaongea. Lakini hakuna anayefika kwenye ubongo bila kupita kwenye ngozi ya kichwa, misuli na utando unaofunika ubongo, na hivyo vyote vinauma. Upasuaji wa kisogoni, mahali ambapo uvimbe mwingi wa ubongo wa watoto hukaa, huuma kuliko wa sehemu nyingine kwa sababu misuli ya shingo hukatwa, na kila mtoto anapogeuza kichwa inajikumbusha.

Upande wa pili, wanaotaka mtoto apewe dawa kali, huanzia hapo na kwenda mbali zaidi. Mtoto anayeumwa hulia, hujikaza, presha ya damu hupanda, na presha ndani ya fuvu hupanda nayo. Kumnyima dawa kwa hofu ya presha ni kuchagua presha ya aina nyingine. Tena hadithi hii tumeshaiona. Hadi miaka ya 1980, hata katika hospitali kubwa za Ulaya na Marekani, watoto wachanga walipasuliwa wakiwa na dawa ya kulegeza misuli na usingizi hafifu, kwa imani kwamba hawahisi kama sisi na kwamba dawa kali zingewaua. Mwaka 1987 mtafiti Anand na wenzake wa Oxford, Uingereza, walichapisha matokeo ya watoto njiti waliofanyiwa upasuaji wa mshipa ulio karibu na moyo. Walioongezewa fentanili, dawa ya jamii ya mofini, miili yao ilihangaika kidogo na walipata matatizo machache kuliko wenzao. Wale waliokuwa wakilindwa dhidi ya dawa ndio walioumia zaidi.

Kwa miaka mingi madaktari wa ubongo walitafuta njia ya katikati, wakaipata kwenye kodeini: nyepesi kuliko mofini, haisinziishi sana, inatosha. Ikaja kujulikana kwamba kodeini haifanyi kazi yenyewe. Ini huigeuza kuwa mofini. Kuna watu ambao miili yao huigeuza kidogo mno, hao huendelea kuumwa. Wengine huigeuza upesi na kwa wingi, na dozi ya kawaida inawageukia sumu. Nchini Ethiopia utafiti mmoja ulikuta zaidi ya robo ya waliopimwa wana maumbile ya kundi hili la pili. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliiondoa kodeini katika mwongozo wake wa maumivu ya muda mrefu ya watoto, likabakiza ngazi mbili: parasetamoli au ibuprofeni, halafu mofini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo lake kali kabisa kwamba kodeini isitumike kwa maumivu ya watoto wa chini ya miaka 12. Dawa iliyochaguliwa kwa sababu ya usalama ndiyo iliyokuwa haitabiriki hata kidogo.

Basi mofini irudi? Watetezi wake huitaja Uganda, ambako tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso ya wagonjwa mahututi, kuandika mofini ya maji, na wagonjwa wa saratani hunywea nyumbani. Mfano mzuri, lakini hautoshei hapa. Mgonjwa wa saratani anayeumwa kwa miezi si sawa na mtoto aliyefungwa fuvu saa nne zilizopita. Kwenye hospitali yenye kipimo cha CT, mashine inayopiga picha za ndani ya kichwa, kinachofanya kazi usiku kucha, mtoto akisinzia kupita kiasi anapelekwa kupimwa na jibu linapatikana. Mahali ambapo CT ni kesho asubuhi, au ni mji mwingine, uchangamfu wa mtoto ndicho kipimo pekee alichonacho daktari. Siwezi kumlaumu anayeogopa kukifunika, hasa kama zamu ya usiku ina muuguzi mmoja na vitanda vimejaa hadi ukutani.

Ila hofu hiyo inahusu mofini. Haielezi kwa nini mtoto akose vilivyobaki. Ganzi ya bupivakeni ikichomwa kuzunguka jeraha na kwenye mishipa ya fahamu ya ngozi ya kichwa kabla hajazinduka, hupunguza maumivu kwa saa kadhaa, zile mbaya zaidi, bila kumsinzisha wala kugusa mboni. Inataka hesabu makini ya uzito, maana ikizidi hudhuru moyo, lakini dawa yenyewe ipo katika vyumba vingi vya upasuaji. Parasetamoli nayo hufaa zaidi ikitolewa kwa saa zake kuliko kusubiriwa kilio: miligramu 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa sita. Mtoto wa kilo nane anapata miligramu 120, yaani kijiko kimoja cha ile dawa ya maji ya kawaida. Kwa ibuprofeni nina tahadhari zaidi, kwa sababu huzuia damu kuganda vizuri na hapa tone moja lina maana; siku ya kwanza ningeiacha.

Kuhusu dalili kufunikwa, mtoto mchanga ana kitu ambacho mkubwa hana: utosi ulio wazi. Presha ikipanda hutuna na kukaza, na kidole cha muuguzi kinaisikia hata mtoto akiwa amelala. Mboni pia haidanganyi kabisa. Mofini huzisinyaza zote mbili sawasawa, wakati inayotisha ni moja kutanuka peke yake. Kwa hiyo penye mtu wa kuhesabu pumzi kila saa, na naloksoni ya kuzima mofini ikiwa jirani, dozi ndogo kwa mtoto ambaye ganzi na parasetamoli hazikumtosha naiona halali, na kumnyima ndiko kunahitaji maelezo. Pasipo mtu huyo, daktari anayekataa yuko sahihi kukataa, mradi faili lake lisiwe na mstari ule mmoja tu.

Maumivu yenyewe yanaweza kuandikwa. Kuna kipimo kiitwacho FLACC, kilichochapishwa 1997, kinachotazama uso, miguu, mtukutiko, kilio na jinsi mtoto anavyobembelezeka, kila kimoja alama 0 hadi 2. Hakihitaji mashine. Mama akielekezwa anaweza kumsaidia muuguzi kuliko mtu yeyote, kwa kuwa anakijua kilio cha mwanawe cha njaa.

Jambo hili aambiwe pia siku ya kuruhusiwa: maumivu ya jeraha hupungua kila siku. Yakianza upya wiki mbili baadaye, mtoto akatapika, akasinzia, utosi ukatuna, hayo si ya jeraha. Huenda mpira umeziba, na hapo kijiko cha parasetamoli kinachelewesha tu safari ya hospitali.